Kifusi cha Machimbo na Mvua za Masika



Mmeniomba nizungumze hapa Amani juu ya maji ya mvua na kifusi cha machimbo. Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza mwandishi wa gazeti anajua nini juu ya kazi ya wahandisi. Swali hilo ni la haki. Wahandisi wamekwisha kusema yao tangu zamani. Sehemu iliyobaki ni yetu sisi tunaoandika barua, tunaotia sahihi vibali na tunaofundisha watoto.

Tuanze mlimani hapa hapa. Mwaka 2003 habari za dhahabu ya Sakale zilienea, na watu wakamiminika kutoka pande nyingi za nchi. Walichimba kando ya vijito na ndani ya vijito vyenyewe, wakaosha mchanga, wakaugeuza udongo wa chini ukawa juu. Baadaye Serikali iliwaondoa. Wachimbaji walikwenda, mashimo na kifusi vilibaki, nasi tukadhani shauri limekwisha. Lakini mvua haifukuzwi kwa amri.

Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Walimu wa hesabu watanisaidia: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua moja ya milimita 50 juu ya hekta moja humwaga lita 500,000, yaani tani 500. Msituni maji hayo hupokewa na majani ya miti, yakaanguka taratibu juu ya majani yaliyooza, yakanywewa na ardhi. Juu ya kifusi kitupu hayana wa kuyapokea. Huupiga udongo uliolegea, hukusanyika, huteremka, na kadiri yanavyozidisha mwendo ndivyo yanavyobeba zaidi.

Tope hilo huingia Mto Zigi. Zigi hujaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, ambalo ndilo linalowapatia maji watu wa mjini Tanga. Mkazi wa Ngamiani asiyepata kuiona Sakale maishani mwake ndiye mlipaji: maji yakichafuka huhitaji dawa zaidi ya kuyasafisha, na bwawa hupungukiwa nafasi kwa tope linalotuama. Na kama dhahabu ilikamatwa kwa zebaki, tope halisafiri peke yake.

Kazi ya kuzuia haya inafahamika, ila mara nyingi huanzwa upande usiofaa. Mtu huanza chini, akachimba bwawa la kutuamisha tope, nalo likajaa kwa mvua chache. Yapasa kuanza juu. Maji yatokayo mlimani yakiwa bado safi yasiruhusiwe kabisa kukigusa kifusi. Mtaro wa kukinga maji huchimbwa juu yake, wenye mteremko mdogo, ukayaongoza pembeni hadi kwenye mkondo uliojengwa kwa mawe. Kisha kifusi chenyewe hulazwa, hukatwa ngazi, hufunikwa kwa udongo wa juu uliotengwa tangu siku ya kwanza ya kuchimba, na hupandwa majani yenye mizizi ya kushika. Hapo ndipo bwawa la chini huwa na maana, nalo ni lazima lizolewe tope kabla ya kila masika. Hili la kuzoa ndilo husahauliwa, kwa sababu halina sherehe ya ufunguzi.

Makaa ya mawe yana shari zaidi, kwani mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji huzaa asidi. Sisi tunayo makaa ya Ngaka, Mbinga, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 2011. Wamatengo wa Mbinga wanasifiwa kwa ngoro, yaani mashimo yenye matuta yanayoyashika maji ya mvua kwenye miteremko mikali. Ni elimu kubwa. Lakini ngoro ni ya shamba. Shamba hunyweshwa, kifusi hakinyweshwi, kwa maana kikilowa ndani huanza kutembea.

Walimu wanisamehe kwa nitakalosema. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan, Wales, kifusi cha makaa kilichorundikwa juu ya chemchemi kiliteleza kikaifunika shule ya msingi ya Pantglas. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi liliibebesha lawama Bodi ya Taifa ya Makaa, chombo cha umma chenye maofisa na mafaili kama vyetu. Wenyeji walikuwa wamelalamika juu ya kifusi hicho miaka kadhaa kabla.

Kule Aberfan alikuwapo wa kulaumiwa. Kwa machimbo kama ya Sakale tutamwandikia nani? Sheria hudai dhamana ya fedha kwa mgodi mkubwa, ili kufunga kwake kulipiwe mapema. Mchimbaji asiye na kibali haachi dhamana. Anapoondolewa, kifusi kinakuwa cha umma. Kwa hiyo amri ya kuwaondoa watu iambatane na fungu la fedha za mtaro, na jina la ofisa atakayeusimamia. Masika huanza mwezi Machi. Barua ya kuomba fedha ikiandikwa Aprili, itasomwa wakati tope liko Mabayani.