Maji Tunayomwachia Jirani

Neno letu la leo limo katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34, mstari wa 18 na wa 19. Humo Mungu anawakemea kondoo walionona, ambao hunywa maji safi, kisha huyavuruga kwa miguu, wenzao wakabaki kunywa tope.

Hapa Kenya twaweza kulielewa neno hili tukiutazama mto Tana. Vijito vyake huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, penye baridi na mvua nyingi. Kisha mto huteremka hadi nchi kavu ya Garissa, Hola na Garsen, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, mwendo wa kilomita 1,000 hivi. Huko chini mvua ni haba. Wapokomo hulima kandokando ya mto, na Waorma huwanywesha ng'ombe wao hapo. Maji hayo hayakunyesha kwao. Yamepitia kwanza mashambani mwetu.

Sisi tuliolelewa kwenye miteremko ya juu hatuna budi kuungama. Shamba halikututosha, tukalima mpaka ukingoni mwa kijito. Tulikata miti iliyoshika udongo. Mvua ya masika ilipokuja na kijito kikawa chekundu, tulifurahi kwamba mwaka huu ni wa neema. Kumbe wekundu ule ulikuwa shamba letu likisafiri! Udongo mwingine umetua katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, na kupunguza nafasi ya maji. Jumapili tuliomba mvua. Jumatatu tuliivuruga kwa jembe.

Wapenzi, jirani si yule wa ng'ambo ya ua peke yake. Yuko jirani mwisho wa mto, asiyejua jina letu, lakini hunywa kazi ya mikono yetu. Basi juma hili twende ukingoni. Tuache hatua kadhaa bila kulima, tupande nyasi na miti ya kienyeji, tutengeneze matuta yaliyobomoka. Hiyo nayo ni toba.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipokunywa bila kuwakumbuka walio chini yetu. Utusaidie kuwapitishia maji safi, kama tulivyoyapokea kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.