Mlango wa Pili: Habari ya Moto katika Maghala na Mabanda Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Voi)



Kila mwaka husomwa hapa hesabu ya fedha tulizotoa kwa ajili ya mazishi, wala hakuna anayenung'unika, maana kuzikana ni wajibu. Leo naomba niseme habari ya kifo ambacho huweza kuzuiwa kwa bawaba mbili na komeo la mti.

Nchi yetu ni nchi ya vitu vikavu. Toka Voi na Mwatate hata Taveta tumeishi na mkonge miaka mingi. Katani iliyokauka hushika moto upesi, na vumbi la nyuzi zake linalotanda juu ya boriti na mashine hupitisha mwali toka upande huu hata upande ule kabla mtu hajamaliza kuita. Na katika mashamba yetu madogo mna banda la mbuzi lililojengwa kwa miti ya mkonge, mna majani makavu ya ng'ombe, mna ghala la mahindi lenye magunia matupu, na nyumba ya vifaranga ambamo jiko la makaa huwaka usiku kucha.

Watu wengi huuliza, moto utazuiwaje? Ni swali jema. Lakini liko la pili: moto ukisha kuwaka, aliye ndani atatokea wapi?

Wazee wetu wanakumbuka mwezi wa Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu huko Kwale, wasichana 26 walipokufa kwa moto ndani ya bweni. Mlango ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Huko nako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yametiwa vyuma.

Mtasema, hizo ni shule, si mashamba. Basi sikieni habari ya Marekani. Tarehe 3 Septemba 1991, katika mji wa Hamlet, moto uliwaka ndani ya kiwanda cha kutengeneza nyama ya kuku. Watu 25 walikufa. Milango ilikuwa imefungwa, na sababu iliyotajwa ni hofu ya kuibiwa kuku.

Naomba tulitafakari jambo hilo, kwa maana ni hofu yetu sisi pia. Mwenye ghala humfungia mlinzi ndani kwa kufuli, akaenda na ufunguo nyumbani. Mwenye mbuzi humlaza kijana bandani, akafunga kwa nje. Mlango wa nyuma huzibwa kwa magunia ili mwizi asipite. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mali yake ameipata kwa jasho. Lakini mbuzi hununuliwa tena.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakataza mlango wa mahali pa kazi kufungwa kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Na kanuni za kupunguza hatari ya moto, za mwaka huo huo, zinataka watu wafanye zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Tusidhani ni mambo ya viwanda vikubwa peke yake.

Haya ndiyo ninayoshauri. Kwanza, kufuli ni la nyumba tupu. Penye mtu, na pawe na komeo la ndani, ambalo mwizi hawezi kulifikia na mtoto anaweza kulivuta gizani. Pili, kila ghala na kila banda liwe na milango miwili, pande zinazoelekeana, inayofunguka kwa nje. Maana watu wakisongamana, mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki tena. Tatu, njia ya kati ya marobota na magunia iachwe wazi siku zote. Nne, jiko na taa ya mafuta visikae karibu na mlango, kwa sababu moto ukianzia hapo ndio umeziba njia. Tano, tuwafundishe vijana kwamba moshi huua kabla ya mwali: na wainame, watambae, watoke, wahesabiane chini ya mti uliochaguliwa, wala asirudi mtu kufuata kitu. Mifugo wakisha kutolewa, lango lifungwe nyuma yao, kwani mnyama mwenye hofu huweza kurudi bandani mwake.

Gari la zimamoto haliwezi kufika upesi shambani kwa mtu aliye mbali na barabara. Atakayemwokoa aliye ndani ni mlango.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta ombi mbele ya mkutano huu: sehemu ndogo ya fedha zetu itengwe, ili mwanachama asiyeweza kununua bawaba na mbao asaidiwe kutoboa mlango wa pili, na wazee wa kila mtaa wapite kuangalia kabla ya kiangazi. Fedha hizo zitapungua katika mfuko wa mazishi, nakubali. Ni heri tuzitoe sasa kwa fundi kuliko baadaye kwa sanda. Majuto ni mjukuu.