Kabla ya Kulipa Karo ya Mafunzo ya Tibakazi



Nimeombwa niseme machache juu ya mafunzo ya usaidizi katika tibakazi, yaani ile tiba inayomrudishia mtu uwezo wa kuzitenda shughuli zake za kila siku: aliyepatwa na kiharusi afunge vifungo vya shati lake, mtoto mwenye ulemavu ashike kalamu, mzee aingie bafuni asianguke. Ni kazi ya heshima, na hapa Marekani mtu huweza kuisomea kwa muda wa takriban miaka miwili. Ndiyo maana imewavutia pia wauza ahadi.

Lugha yetu yenyewe yaweza kutuponza. Neno “msaidizi” twalitumia kwa watu wawili ambao sheria za hapa huwatenganisha. Wa kwanza, aitwaye kwa Kiingereza assistant, amehitimu chuo, amefaulu mtihani wa taifa, ana kibali cha jimbo, na humhudumia mgonjwa chini ya usimamizi wa mtaalamu wa tibakazi. Wa pili, aitwaye aide, huandaa vyumba na vifaa, na huwasindikiza wagonjwa. Kwa kawaida hufundishwa akiwa kazini, wala hahitaji shahada. Basi anayekuuzia kozi ya wiki sita na cheti chenye muhuri wa dhahabu, akikuahidi utakuwa “msaidizi”, huenda asiwe amesema uongo hata neno moja, na fedha zako zikawa zimekwenda.

Ulizeni hivi: je, programu hii imeidhinishwa na ACOTE? Nasema programu, si chuo. Chuo chaweza kuwa na ithibati halali, lakini programu yake ya tibakazi isiwe nayo. Mhitimu wake hataruhusiwa kufanya mtihani wa NBCOT, na bila mtihani huo milango ya ajira ya usaidizi hufungwa. Msiridhike na jibu la simu. Orodha ya programu zilizoidhinishwa imo katika tovuti ya ACOTE. Mwombeni kijana wa nyumbani aifungue mbele yenu. Mkiambiwa “tumekwisha kuomba”, fahamuni kwamba kuomba si kupewa.

Karo nayo si gharama yote. Mwanafunzi hutakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo yasiyopungua wiki 16 za kutwa, na aghalabu hayana mshahara. Kituo chaweza kuwa mbali na nyumbani. Mama anayefanya kazi ya zamu ghalani sharti ajue mapema ni nani atakayelipa kodi ya nyumba kwa miezi ile karibu minne.

Mkopo wa serikali hudaiwa hata kama masomo hayakumalizika. Ruzuku ya Pell, kwa anayestahili, kwa kawaida hairudishwi. Iombeni hiyo kwanza kwa fomu ya FAFSA. Kuijaza fomu hiyo ni bure, na atakayewatoza ada ili aipeleke, mwacheni aende zake.

Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai na awaulize NBCOT na ofisi ya vibali ya jimbo lake kabla ya kulipa, kwa maana hukumu hiyo yaweza kumzuia.

Na aliyekwisha kulipa akahadaiwa, asichane karatasi kwa hasira. Tangazo, mkataba na risiti vihifadhiwe, kisha malalamiko yapelekwe kwa mwanasheria mkuu wa jimbo na kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Kupeleka malalamiko hakulipiwi, wala hakuhitaji wakili.