Rafu Nzito Katika Nyumba ya Miti na Udongo



Leo tunazungumza habari ya rafu, yaani ubao tunaoufunga ukutani ili tuweke vyombo. Wengi wetu tunakaa katika nyumba za miti na udongo. Tunapiga misumari miwili mitatu, tunaweka ubao, halafu tunaupakia sufuria, mtungi na debe la mahindi. Na chini ya rafu hiyohiyo tunatandika mkeka, mtoto analala.

Basi tuulizane. Ni kitu gani kinachoshika rafu ile? Udongo? Hapana. Udongo mkavu ukipigwa msumari hupasuka, na tundu hulegea. Fito nazo ni nyembamba, kazi yake ni kushika udongo usianguke. Kinachoweza kubeba mzigo ni nguzo, ile miti minene iliyochimbiwa ardhini. Hata mjini, kwenye kuta za bodi za jipsamu, fundi hodari hatundiki kitu kizito kabla hajatafuta mti uliomo ndani.

Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, mbali na chombo chenyewe. Ukiweka madebe manne ya maji, ni kilo 80. Huyo ni mtu mzima ameketi juu ya ubao wako!

Sasa nguzo tutaijuaje, na ukuta umekandikwa wote? Tazama juu, karibu na paa. Mara nyingi vichwa vya nguzo huonekana pale, chini ya ule mti uliolala. Kutoka kwenye kichwa cha nguzo, teremsha uzi wenye jiwe. Lakini miti ya porini hupinda, kwa hiyo usiuamini uzi peke yake. Chukua msumari mwembamba, upige polepole. Ukiingia kwa urahisi na kutoa vumbi, huo ni udongo. Ukikaza na kukataa kutoka, umepata mti. Ukikaza kidogo, kisha ukazama ghafla, basi ogopa. Huenda mchwa wamekwisha kula ndani, na nguzo hiyo haifai hata kwa kutundika kofia.

Ukishaipata nguzo, kwangua udongo mpaka mti uonekane, ili ubao uguse nguzo. Jambo hili wengi hulidharau, nasi tunalisisitiza. Hebu tufanye hesabu. Una msumari wa inchi 4. Ubao una unene wa inchi 1. Udongo ulio mbele ya nguzo ni inchi 2. Ndani ya nguzo inaingia inchi 1 tu! Kwangua udongo ule, na inchi 3 zitaingia. Msumari ni uleule, bei ni ileile. Kama nguzo ni ngumu, toboa kwanza kwa keekee ndogo, mti usipasuke.

Usilaze ubao juu ya misumari mitupu. Tengeneza kishikizo cha mbao tatu: moja isimame kwenye nguzo, moja ilale, na ya tatu ikae mshazari chini yake kama mkono unaobeba. Ule unaosimama uwe mrefu kuliko unaolala. Vishikizo viwe viwili au zaidi, kila kimoja na nguzo yake. Ubao usiwe mpana sana. Futi moja yatosha. Vyombo vizito viweke karibu na ukuta, maana mzigo ukikaa ukingoni, unavuta misumari ya juu itoke.

Mama mmoja atasema, "Mimi nguzo zangu haziko ninapotaka rafu." Sawa, mama. Pigilia ubao mnene uliolala kutoka nguzo hadi nguzo, halafu vishikizo uvifunge kwenye ubao huo. Au ipe rafu miguu isimame chini, juu ya mawe bapa, na kichwa chake ukifunge kwa waya kwenye nguzo isije ikaanguka mbele. Kwa magunia ya mahindi sisi tunapenda hii ya miguu, maana ardhi haichoki.

Ukimaliza, usipakie vyombo mara moja. Shika ubao kwa mikono miwili, uvute kwa nguvu kuelekea chini, ukisikiliza. Rudia kila baada ya masika, kwa sababu udongo hulowa na kukauka, na mchwa hawalali. Msumari uliolegea usiurudishe katika tundu lilelile. Sogea inchi 2 juu au chini kwenye nguzo ileile, upige mpya. Na mkeka wa mtoto uhamishieni upande wa pili.