Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi

Setilaiti ya 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa angani tarehe 11 Mei 2018 kutoka Kibo, maabara ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikawa ya kwanza ya Kenya. Ilikuwa mchemraba wenye pande za sentimita 10 tu, na kwa kuwa hakuna fundi awezaye kuifuata setilaiti huko, kila kiungo cha waya hujaribiwa kwanza kwa mtikisiko na katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Hapo ndipo mwanafunzi hufunzwa uhandisi kwelikweli. Hata hivyo, hewa hafifu iliyoko kilomita 400 juu hupunguza kasi ya chombo kama hicho hadi kishuke na kuungua, hivyo fedha za chombo kinachofuata zapaswa kutengwa mapema.