Mguu Unauma, Chanzo Kiko Kiunoni

Msikilizaji, kuna maumivu yanayoanzia kiunoni au kwenye tako, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu na wakati mwingine kufika hadi kidole gumba. Aliyeyapata husema ni kama shoti ya umeme. Akikohoa, yanamchoma. Akikaa kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta, anashuka akichechemea. Na kwa kuwa mguu ndio unaouma, mguu ndio unaotibiwa. Unachuliwa kwa mafuta, unakandwa kwa maji ya moto, unachanjwa chale. Mwenye haraka hukimbilia duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki takoni, na sindano ya tako ikichomwa pasipostahili huweza kuujeruhi mshipa uleule unaomsumbua.

Mshipa huo wa fahamu huitwa neva ya siatiki, na hakuna neva nyingine mwilini iliyo nene kama hiyo. Unene wake unakaribia wa kidole. Mizizi yake hutoka kwenye pingili za chini za mgongo, ikaungana nyongani, ikapita chini ya misuli ya tako na kushuka mguuni. Mara nyingi kinachoibana ni diski, kile kipande laini kinachokaa kati ya pingili na pingili. Ukuta wa diski ukichanika, ute wa ndani hutoka, hugandamiza mzizi wa neva na kuuvimbisha. Madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walilieleza jambo hilo mwaka 1934, na wao walikuwa wapasuaji. Tangu hapo wengi wameamini kwamba diski ikitoka, dawa yake ni kisu. Kwa wagonjwa walio wengi si hivyo. Seli za kinga za mwili hukishambulia kile kilichotoka, kikasinyaa taratibu, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12.

Swali ni je, wiki hizo unaziishije?

Ushauri tuliourithi ni kulala. Ndugu wanamtandikia mgonjwa godoro chini, wanamwambia asiinuke, hata chai analetewa. Wanafanya hivyo kwa upendo, nami siwalaumu. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 183 wa siatiki: baadhi walilazwa kitandani wiki mbili, wengine waliendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuwaongezea kitu. Na kwa mama ntilie au kuli wa Kariakoo, wiki mbili za kulala ni wiki mbili bila kipato, na misuli ya mgongo nayo inalegea.

Hapa ndipo fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, inapoingia. Mtaalamu mzuri haanzi kwa kukuchua. Anakulaza chali, anaunyanyua mguu ukiwa umenyooka, polepole, huku akikutazama usoni kuona ni wapi shoti itapita. Anakuambia utembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Anakugonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo cha mpira. Asiyeweza kutembea kwa visigino, huenda mzizi wa tano wa kiunoni ndio uliobanwa. Asiyeweza kusimama kwa ncha za vidole, huenda ni ule unaofuata chini yake. Dakika chache za uchunguzi wa namna hiyo humweleza mengi ambayo picha ya eksirei haimwelezi, kwa sababu eksirei ya kawaida huonyesha mifupa. Diski na neva haionyeshi.

Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu kijana aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake aingie chumbani akalale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia. Yule bwana akalala hivyohivyo, mgongo umepinda kinyumenyume. McKenzie aliporudi alishtuka, maana siku zile mkao huo ulihesabiwa kuwa hatari. Mgonjwa akamwambia hajajisikia vizuri namna ile kwa wiki kadhaa, na maumivu ya mguu yameondoka. Kutokana na tukio hilo McKenzie alijenga njia ya tiba inayotumika leo duniani kote. Ishara kuu wanayoitafuta wataalamu wa njia hiyo ni maumivu kuhama kutoka mguuni kurudi kiunoni. Kiuno kikizidi kuuma kidogo huku mguu ukipoa, usiogope. Mara nyingi hiyo ni dalili njema.

Lakini usiende kujipinda nyumbani kwa sababu umelisikia hili redioni. Mzee ambaye mfereji wa uti wake wa mgongo umesinyaa kwa umri hupata nafuu akiinama mbele, na kupinda nyuma humzidishia. Zoezi lililomponya jirani yako linaweza kukuumiza wewe. Kazi ya mtaalamu ni kujua lipi ni lako.

Nasikitika ninapoona wagonjwa wakiacha baada ya kuhudhuria mara mbili, wakilalamika kwamba hawakupewa dawa. Walitarajia kufanyiwa, wakakuta wanatakiwa kufanya wenyewe, kila siku, nyumbani, hata maumivu yakipungua. Tiba yenyewe ndiyo hiyo. Huko Utah, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 220 wenye siatiki ya karibuni, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Waliopelekwa mapema kwa wiki nne za fiziotherapia waliweza kufanya shughuli zao vizuri zaidi kuliko wenzao, na tofauti hiyo, ingawa haikuwa kubwa mno, ilikuwa bado ipo baada ya mwaka.

Mapema, msikilizaji. Kwetu mgonjwa hufika chumba cha mazoezi mwisho wa safari, ameshamaliza vidonge na akiba. Madaktari wetu, mwandikieni mgonjwa rufaa ya fiziotherapia siku ya kwanza anapowaeleza maumivu yanayoshuka mguuni. Na Serikali iwapeleke wataalamu hawa hadi vituo vya afya, kwa kuwa mkulima wa jembe la mkono anayeumwa mgongo kijijini hawezi kusafiri kila wiki hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Lakini kuna hali zisizosubiri mazoezi wala wiki sita. Ukiona ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujua, haja kubwa haizuiliki, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu, neva nyingi zimebanwa kwa pamoja na huenda ukahitaji upasuaji wa dharura. Mguu mmoja ukianza kuburuta unyayo, nao usiupuuze. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu ukichelewa, udhaifu huo unaweza kuwa wa kudumu.