Mkono wa kulia ulipogoma

Leo sizungumzii bei ya unga wala foleni ya barabarani. Nazungumzia mkono wa kulia, hasa mkono wa yule kijana anayekesha mbele ya kompyuta akiutengeneza wimbo ambao wewe utausikia asubuhi ndani ya daladala, ukadhani ulizaliwa hivyo hivyo.

Kisa chenyewe kilianzia kwangu. Nilikabidhiwa kuhariri kipindi cha muziki, saa sita za mahojiano na nyimbo zilizorekodiwa ukumbini, kitoke cha saa moja. Nilikesha usiku nne. Alfajiri ya siku ya tano niliamka kidole gumba, cha shahada na cha kati vina ganzi, kana kwamba ni vya mtu mwingine. Nikaukung'uta mkono, ukarudi, nikaenda kazini. Wiki mbili baadaye nilishindwa kufunga vifungo vya shati, na kikombe cha chai kikaniponyoka mbele ya wageni.

Nyumbani kila mtu akawa daktari. Shangazi alisema ni baridi yabisi, niache kuoga maji ya baridi. Jirani alinong'ona kwamba nimetupiwa kitu na mwenzangu anayekitaka kiti changu. Mkubwa mmoja wa kazi, ambaye simtaji, alicheka tu. Alisema wanaoumia mikono ni wapagazi wa bandarini, si mtu anayelipwa kwa kukaa.

Mkubwa huyo angefaa kukutana na daktari wa Kiitaliano aliyeitwa Bernardino Ramazzini. Katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, daktari huyo aliwaandika makarani, watu wa kalamu na wino, akataja mambo matatu yanayowaumiza: kuketi kutwa, mwendo ule ule wa mkono usiobadilika, na akili iliyobanwa isije ikakosea. Karani wa wakati ule na prodyuza wa Kinondoni wa leo wamekalia kiti kimoja.

Tena nadhani sisi wa leo tumejiongezea mzigo. Nilipoingia redioni kujifunza kazi, niliwakuta wazee waliozoea kuhariri kwa wembe. Utepe wa studio nzuri ulikwenda sentimita 38 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya maneno ilikuwa kipande kirefu kuliko rula ya shule. Ukitaka kuondoa "ee" ya mgeni wako, ulizungusha magurudumu kwa mikono miwili, ukatia alama kwa kalamu ya nta, ukaulaza utepe kwenye kibao chake, ukakata mshazari, ukaunga. Kisha uliinuka kwenda kabatini kuchukua utepe mwingine. Kazi ilikwenda polepole, na hakuna aliyekuwa na wazimu wa kuifuata kila pumzi ya mwimbaji. Kompyuta imetuondolea wembe na safari ya kabatini. Imetuachia kidole kimoja kufanya yote.

Hebu piga hesabu nami. Wimbo wa dakika nne wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 480. Prodyuza anayesogeza kila pigo mahali pake kwa mausi hubonyeza, huburuta, huachia, mara 480, na hiyo ni ngoma moja. Bado kinanda, bado sauti za kuitikia, bado kunyoosha noti ya msanii aliyekuja na mafua. Saa tisa usiku msanii mwenyewe anapiga simu: "Kaka, pale kwenye kiitikio, rudia kidogo."

Hatimaye nilikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mpole mwenye vidole vya chuma. Nilimwamkia, nikamwonyesha mkono. Hakuugusa. Aliniambia, "Baba, kaa hapo mezani, nionyeshe unavyofanya kazi." Nikaketi, nikajifanya nina kompyuta. Alinitazama kwa dakika nzima, kisha akaanza kuhesabu makosa. Mausi nilikuwa nimeiweka mbali, nyuma ya makaratasi, mkono mzima unaning'inia hewani. Bega limepanda kuelekea sikioni. Kifundo cha mkono kimekunjwa kwenda juu na kukandamizwa kwenye ukingo wa meza. Hata nilipokuwa sibonyezi kitu, kidole kilikuwa kimekaa tayari, kama mtu aliyeshika kufyatulio cha bunduki.

Ndipo akanieleza. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ngozi inayozifunika kano ikivimba, au kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu, nafasi hupungua na mshipa hubanwa. Usiku huzidi, kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja mikono. Ikiwa ganzi iko kwenye kidole cha mwisho, chunguza kiwiko, kwani nyuma yake hupita mshipa mwingine, ule unaokupiga shoti ukijigonga mlangoni. Alinionya pia kwamba kompyuta isibebeshwe kila lawama. Kisukari, ujauzito na ugonjwa wa tezi ya shingo navyo huweza kuleta ganzi hiyo hiyo, ndiyo maana alinituma kupima sukari kabla ya lolote.

Tiba yenyewe haikuwa ya ajabu. Alinifunga kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, na ndani ya wiki chache usingizi ukarudi. Kwa wengine huhitajika sindano, na mshipa ukibanwa hadi nyama ya chini ya kidole gumba ikaanza kusinyaa, ni upasuaji. Anayengoja hadi hapo amechelewa. Dawa ya maumivu ya dukani nilikuwa nikiimeza ili niendelee kuhariri, naye aliniambia wazi kwamba nilikuwa nakata waya wa kengele huku nyumba inaungua.

Kazini nimebadilisha mambo machache. Kiti nimekipandisha mpaka viwiko viwe sawa na meza. Mausi imesogea karibu na kibodi, na nimeiongezea kasi ili mwendo mdogo wa mkono uvuke kioo kizima. Kukata, kuunga na kurudisha nyuma nafanya kwa vitufe vya kibodi, kwa vidole vya mkono wa kushoto. Mapigo ya ngoma naiachia programu iyapange kwa mkupuo, halafu narekebisha machache yaliyokataa. La maana kuliko yote, nausikiliza wimbo mzima kwanza mikono ikiwa mapajani, naandika kwenye daftari dakika na sekunde za makosa, ndipo naigusa kompyuta. Kila baada ya nusu saa nainuka, hata kama ni kwenda kumsalimu mlinzi getini.

Mimi lakini nina mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko ambao waajiri huuchangia, na maradhi yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Vijana wanaotengeneza nyimbo nyingi tunazozipiga hawana mwajiri. Hulipwa kwa wimbo, pengine nusu leo na nusu msanii "akitoka".

Juzi nilimtembelea mmoja wao, Sinza, katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Alikuwa akiukung'uta mkono kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Nikamwuliza kama ameshakwenda hospitali. "Kaka," akasema, "daktari ataniambia nipumzike wiki mbili. Nikipumzika wiki mbili, wasanii wangu wote watakuwa studio ya jirani."

Nilimwachia kile kifaa changu cha kufunga usiku. Alishukuru, akakitia kwenye begi, akahamishia mausi upande wa kushoto, akarudi kwenye kiitikio.